Tupeane uzoefu: Taarabu ya uwanjani na mapishi ya msimu wa embe

Mwana wa Ng'ambo
Wadau, salaam aleikum. Jana usiku jirani kafungulia nyimbo za zamani za Culture Musical Club, kikundi cha taarabu cha Unguja, na mimi niko uani nakuna nazi. Basi roho ikanienda mbali. Nikakumbuka taarabu za uwanjani kwetu Ng'ambo ya mji wa Unguja, Desemba mpaka Februari, kaskazi inavuma na ndani ya nyumba hakukaliki kwa joto. Magharibi ikishaswaliwa mabusati yanatandikwa, wapiga udi na fidla wanapanga viti, na pembeni hapo hapo kina mama wameshainjika. Pweza wa nazi, shelisheli, urojo uliotiwa embe mbichi mpaka meno yanakufa ganzi. Mpishi anakoroga huku anaitikia kiitikio. Kwangu hiyo ndiyo taarabu: anayepika na anayeimba wanasikilizana. Siku hizi harusi ni ukumbini, chakula kinaletwa kimeshapikwa kwingine, na mpishi hajui hata bibi harusi kaimbiwa nini. Mliozionja jioni zile, njooni tupeane uzoefu.

Bint Wete
Umenigusa, ndugu yangu. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa kifumbu cha kuchujia tui nyumba ya tatu. Nikirudi, wimbo umeshafika ubeti wa mwisho.

Fundi Spika
Niseme la kwetu sisi wa mitambo. Jiko kuwa karibu na wapigaji lilikuwa na kazi yake. Ganuni, kile kinanda cha kulazwa, ina nyuzi tatu tatu kwa kila sauti, jumla zinapita sabini, na umande wa usiku ukianza kushuka mpigaji hatui ufunguo wa kukazia. Ila ganuni ina nafuu. Dumbaki, ngoma ya mkono ya ngozi, ndiyo hulegea kabisa, ukiipiga inatoa sauti ya mto wa sufi. Hapo tunakwenda kwa wapishi. Mama anasogeza sufuria kidogo, ngozi inaelekezwa kwenye makaa kwa mbali, unaizungusha taratibu na kuigonga kwa kidole mpaka ilie kavu. Ukiiweka karibu sana inapasuka. Wapishi waliijua sauti ile kuliko vijana wetu, utasikia "bado, mwanangu, bado… haya sasa ipeleke."

Mtanga Halisi
Uzi mzuri, ila mnazungumza kama taarabu ni ya Unguja peke yake. Black Star na Lucky Star wa Tanga ndio waliotia gitaa na besi, watu wakapata cha kuchezea. Mwimbaji marehemu Bi Shakila katokea kwetu.

Mwana wa Ng'ambo
Mtanga, hakuna aliyewanyima. Lakini kikundi chetu cha Ikhwani Safaa kimeundwa 1905, na mwimbaji wetu Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi 1928. Heshima ya mkubwa iwekwe mahali pake.

Mtanga Halisi
Ukubwa wa umri haupiki pilau, kaka.

Shemeji wa Kibokoni
Mombasa pia tupo, jamani. Mwimbaji marehemu Juma Bhalo na zile tuni zake za Kihindi, watu wamekaa barazani na vibarazani mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Chakula kilikuwa mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, na embe mbichi za kukatwa vipande. Hakuna aliyeuliza ni za nani. Sinia likipita mbele yako, ni lako.

Ummu Nassir
Nimesoma mambo ya jiko kuwa karibu na jukwaa na moyo ukanidunda. Wacha nieleze niliyoyaona, maana mpaka leo nikisikia spika ikianguka mwili unasisimka.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu, mwezi wa pili, joto la kupitiliza. Taa kubwa ilikuwa moja tu, imefungwa kwenye mwembe, kwa hiyo kila kitu kilisogezwa chini ya mwembe: wapigaji, bibi harusi na shoga zake, na karai la bajia la khalati, dada wa mama. Mafuta yamejaa, moto wa kuni umekolea. Watoto wamejipanga wanangoja za kwanza. Waya wa spika umepita nyuma ya jiko, juu juu, haujafukiwa.

Sasa pale mtaani kulikuwa na majirani wawili hawasemezani, mambo ya mume. Mwimbaji, sijui alijua au hakujua, akaingia kwenye ubeti wa fumbo la mwizi wa chungu cha mwenziwe. Mmoja akainuka kwenda kutunza. Noti kaishika juu, anakwenda kwa madaha, anazunguka mbele ya yule mwingine mara ya kwanza, mara ya pili. Na mwimbaji kwa kuona noti zinakuja akaurudia ubeti. Watu wanapiga vigelegele. Akaurudia tena. Yule aliyekaa akanyanyuka bila neno na kumsukuma kwa mikono miwili.

Mguu wa aliyesukumwa ukanasa kwenye waya. Spika ikaja na kiguzo chake, ikapiga ukingo wa karai. Nayaona mafuta yale mpaka leo, yalimwagika kwa upande mmoja kama shuka linalovutwa, na yaliyogusa kuni yakawaka papo hapo kwa kimo cha mtu. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amechuchumaa hapo hapo. Khalati hakupiga kelele. Alimkamata ukosi wa shati na kumtupa nyuma kama mzigo. Mguu mmoja tu ndio uliopata mafuta, kuanzia kifundo kwenda chini.

Kijana mmoja akaja mbio na ndoo ya maji ayamwagie mafuta yanayowaka. Hapo ndipo khalati alipopiga ukelele: "Maji siyo! Maji siyo!" Akachukua mfuniko wa sufuria la pilau, akaulaza juu ya karai kutokea upande wake, moto ukafa. Ndoo ile bibi akaipokonya, mguu wa mtoto ukatiwa humo. Kila mtu anapiga kelele. Na mpiga fidla, ambaye hupiga kafumba macho, alikuwa bado anaendelea peke yake. Aliendelea mpaka mwenziwe alipomshika bega.

Bint Wete
Ya Rabi! Mtoto akawaje?

Ummu Nassir
Alipelekwa hospitali usiku ule ule, akapona. Ana kovu, lakini anatembea na kukimbia. Wale majirani walikutana kwenye kitanda chake, mmoja kaja na uji, mwingine na machungwa.

Kungwi wa Mtaa
Dawa ya hayo ni moja, mwimbaji asipige fumbo kabla watu hawajala. Mwenye njaa hana subira.

Mzee wa Sikinde
Ndiyo maana sisi wa dansi tulikwenda zetu DDC, ukumbi wa dansi Dar es Salaam. Bendi ya Mlimani Park, ndiyo Sikinde, imeanza 1978 na sijawahi kuona mtu anapigania ubeti. Unakula mishikaki, unasikiliza tarumbeta, unakwenda nyumbani.

Mwana wa Ng'ambo
Shikamoo mzee wangu, lakini mashabiki wa Sikinde na wa bendi pinzani ya Msondo hawakuwa watulivu kiasi hicho. Tusitoke nje ya mada.

Mzee wa Sikinde
Marahaba. Tulibishana kwa mdomo tu.

Dawa za Bibi
Kuhusu kuungua, msihangaike. Ute wa yai au dawa ya meno, malengelenge hayatoki. Kwetu tumekua hivyo.

Muuguzi wa Zamu
Dada yangu, naomba sana usiwaambie watu hivyo. Majeraha ya moto naosha mimi, na dawa ya meno iliyogandia kwenye kidonda nimeibandua kwa mtoto anayelia. Bibi wa Ummu Nassir alifanya sawasawa. Maji safi ya baridi ya kawaida, ya bomba yanayotiririka ndiyo bora, dakika 20 kamili, siyo barafu. Vua pete au kikuku kabla hapajavimba, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Na khalati naye alikuwa sahihi: mafuta yakishika moto yanafunikwa. Ukiyamwagia maji yanaruka na moto wake.

Dawa za Bibi
Asali je?

Muuguzi wa Zamu
Asali iacheni kwenye vitumbua. Maji kwanza.

Mswahili wa Muscat
Huku kwetu majira ya joto hata baraza huwezi kukalia, usiku nyuzi joto zinabaki zaidi ya 30. Sisi hukutana Desemba na Januari, udi mmoja, dumbaki moja, na kila nyumba inaleta chake. Embe mbichi za kutoka nyumbani zikifika, simu zinapigwa mji mzima.

Binti wa Kikwajuni
Samahani kuingilia. Mimi naolewa Januari, inshallah, na nataka taarabu ya uwanjani kama mnavyoeleza. Wazee wangu wanasema ukumbi ni salama zaidi, na baada ya kisa hiki mama yangu ndiyo amekataa kabisa. Nishaurini.

Kungwi wa Mtaa
Kwanza hongera, mwanangu. Pili, orodha ya mashairi ipite kwangu.

Mtanga Halisi
Jiko liwekwe nyumba ya jirani. Hakuna njia nyingine.

Mwana wa Ng'ambo
Ukilipeleka jirani umeua shughuli. Wale kina mama wanasimama tangu alasiri kwa ajili yake, halafu taarabu waisikie ng'ambo ya ukuta? Hapana.

Fundi Spika
Inawezekana bila kumfukuza mtu. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Weka wapigaji upande huo, wageni katikati, jiko nyuma ya wageni upande wa kusini magharibi. Sauti inasukumwa na upepo kuja kwa watu, moshi unakwenda zake, na wapishi wanamwona mwimbaji uso kwa uso. Waya zote zipite pembeni ukutani, zifukiwe au zilaliwe na mbao. Karai la mafuta lizungushiwe mabenchi, watoto wasipite. Kupasha dumbaki, kijana wangu atazunguka kwa nje.

Ummu Nassir
Na taa zaidi ya moja, kaka. Taa moja ndiyo iliyotusogeza wote.

Bint Wete
Tafuta tarehe ya mwezi mpevu. Unapata mwanga, na maji ya bamvua yakitoka mbali kina mama wa pwani wanaingia miambani, pweza wanakuwa wengi. Giza ni la dagaa.

Shemeji wa Kibokoni
Urojo utie ukwaju, embe zinachelewesha.

Mwana wa Ng'ambo
Januari embe zimejaa mpaka zinaoza chini ya miti, halafu utie ukwaju? Ukwaju ni wa miezi isiyo na embe. Menya embe changa, zichemshe mpaka ziwe laini, zisage, kisha ndiyo utie unga wa ngano uliokorogwa na manjano. Koroga bila kuacha, usishike madonge.

Binti wa Kikwajuni
Nimemsomea mama maneno ya Fundi. Amekaa kimya, halafu akauliza shelisheli atapika nani.

Bint Wete
Mwambie achague yaliyokomaa ambayo bado ni magumu, yaliyoiva yatavurugika. Yachemke kwa tui la pili, tui zito lije mwisho, na asifunike. Vifumbu viwe viwili, kimoja hakitoshi kwa watu wengi.