MREJESHO: Maumivu ya mgongo na nyonga nikiwa mjamzito

Wapendwa, ni yule wa Ngamiani, Tanga, niliyeuliza kama mwenye mimba ya miezi saba anaweza kwenda kairopraktiki, wale wanaonyoosha uti wa mgongo kwa mikono, maana kiuno na kinena vilikuwa vinaniua. Asanteni mlionijibu, hata nyie wa "vumilia tu".

Huko sikwenda. Nesi wa kliniki alinipima kwanza presha na mkojo, akauliza kama natokwa damu au maumivu yanakuja na kuachia, ndipo akanielekeza kwa mtu wa fiziotherapia, wale wanaotibu viungo na misuli kwa mazoezi. Huyo akasema homoni za mimba hulegeza viungo vya nyonga, na mtoto ndiyo anazidi uzito. Hakuna cha kuvunjwavunjwa mgongo. Kubwa alilonifundisha ni kugeuka kitandani: magoti nabana pamoja, nageuka mwili mzima kwa mpigo. Mto katikati ya mapaja. Nguo za ndani navaa nimekaa. Baiskeli ya kupakiwa basi tena, napanda bajaji.

Maumivu yapo, ila nalala. Mama mkwe bado anataka nikandwe tumbo. Nimemkubalia mgongo tu, taratibu, kwa mafuta ya nazi.