Naomba ushauri: nichapishe matokeo ya uzamivu sasa au nisubiri?

Mwana wa Ngamiani: Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo. Ninasomea shahada ya uzamivu katika kemia ya dawa za saratani kwenye chuo kimoja nje ya nchi, na kwa sasa nipo nyumbani Tanga kwa likizo. Kutoka kwenye magome ya mti mmoja wa Usambara Mashariki nimetenga kiambato ambacho, kikiwekwa kwenye seli za saratani ya matiti maabarani, huziua kwa dozi ndogo. Msimamizi wangu anataka tuchapishe makala kabla ufadhili wangu haujakwisha, lakini mimi nasita na usingizi siupati. Je, nikubali, au niombe muda zaidi?

Mama wa Chumbageni: Pole na masomo, mwanangu. Mambo ya makala siyajui, ila nakusihi usilitaje jina la mti huo hapa. Mama yangu mdogo, Mungu amrehemu, aliambiwa kuna magome yanayomaliza uvimbe, akawa anayachemsha na kuyanywa, na tulipomfikisha hospitali ya saratani ya Ocean Road, saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imekwisha kusambaa. Watu wetu wakisikia mti unaua saratani, hawaulizi kama ni ndani ya chupa au ndani ya mtu.

Mkulima wa Pangani: Mimi nitasema juu ya ufadhili, maana ndio uliokatisha shahada yangu ya uzamili. Fedha zilipokoma nilirudi shambani nikiwa na data kamili na sina cheti. Chapisha, ndugu yangu; mengine utayarekebisha ukiwa umehitimu.

Mkemia wa Muheza: Kabla ya ufadhili, ningependa kujua sababu ya kusita. Kiambato hicho kina umbo gani? Kinaua pia seli zisizo na saratani? Na je, umewahi kuongeza kwenye jaribio katalasi, yaani kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoweza kuua seli?

Mwana wa Ngamiani: Ni polifenoli, aina ya kemikali ya mimea, yenye katekoli, yaani kipande cha molekuli kinachomenyuka kirahisi na oksijeni. Seli za kawaida nazo hufa, ingawa kwa dozi kubwa kidogo. Katalasi niliiongeza, na seli nyingi zikabaki hai. Matokeo hayo hayamo katika rasimu aliyonayo msimamizi, kwa sababu niliyaona kuwa ni suala la makala ya pili. Naomba mnielewe: seli nyingi za saratani huishi karibu na kikomo cha kuhimili haidrojeni peroksaidi, kwa hiyo huenda hiyo ndiyo silaha yenyewe, na wapo watafiti wanaoifuata njia hiyo.

Mkemia wa Muheza: Wapo kweli, lakini lazima tuulize peroksaidi inazaliwa wapi. Katekoli ikikaa kwenye kimiminika cha kukuzia seli humenyuka na oksijeni na kuzalisha peroksaidi nje ya seli, na katalasi, ambayo ni kimeng'enya kikubwa kisichopenya seli kwa urahisi, huivunja hukohuko nje ikawa maji na oksijeni. Mwaka 2010 watafiti Jonathan Baell na Georgina Holloway walichapisha maumbo ya molekuli yanayodanganya vipimo vingi, na katekoli imo. Sisemi kwamba miti haina dawa. Paklitaksi, dawa ya saratani, ilitoka kwenye magome yaliyokusanywa Marekani mwaka 1962. Umbo lake likachapishwa mwaka 1971, mwaka 1979 Susan Horwitz akaonyesha namna inavyokaza mikrotubuli, yaani nyuzi za ndani ya seli, hata seli zikashindwa kugawanyika, na kibali cha kutibu saratani ya ovari kikatolewa huko mwaka 1992. Ilijulikana inashika nini ndani ya seli. Chako bado hakijulikani kama kinashika chochote.

Mlinzi wa Bandarini: Mniwie radhi, mimi siuamini uzi huu. Mti hautajwi, chuo hakitajwi, lakini tangu aya ya kwanza tumeshaambiwa kwamba magome ya Usambara yanaua saratani. Matangazo mengi ya dawa huanza namna hii, kisha hufuata nambari ya simu ya muuzaji. Nashauri uzi ufungwe.

Mwana wa Ngamiani: Siuzi chochote na sitauza. Mti siutaji kwa sababu kibali cha kuchukua sampuli kina masharti, na sasa pia kwa sababu ya maneno ya Mama wa Chumbageni. Lau ningekuwa natangaza dawa, nisingewaeleza kwamba mwenzangu wa maabara nyingine alirudia jaribio langu na seli hazikufa. Tulidhani sampuli iliharibika njiani, kumbe kimiminika chake kina piruvati na changu hakina.

Mkemia wa Muheza: Ndugu Mlinzi, mimi nakiamini kisa hiki, kwa sababu piruvati huiondoa peroksaidi, na muuza dawa hana haja ya kulijua hilo. Mwana wa Ngamiani, mpelekee msimamizi majaribio yote mawili kabla rasimu haijafika kwenye jarida. Pima peroksaidi katika kimiminika kisicho na seli, kisha rudia kwa katalasi iliyochemshwa, ili uhakikishe kwamba kinachookoa seli ni kazi ya kimeng'enya.

Mlinzi wa Bandarini: Nimeelewa, naondoa ombi langu. Hata hivyo, aya ya kwanza irekebishwe.

Mwana wa Ngamiani: Nitawaomba wasimamizi wa jukwaa wanisaidie kuirekebisha. Barua kwa msimamizi wangu naiandika usiku huu, pamoja na majedwali ya katalasi na ya piruvati. Sura ya kutenga kiambato na kutambua umbo lake siiondoi kwenye tasnifu, kwa kuwa kazi ile ni sahihi hata kama kiambato hakitakuwa dawa. Makala ndiyo itakayosubiri.