Kipindupindu na surua vimeingia kisiwani pamoja, tuko wahudumu wawili: nianzie wapi?

MuuguziWaMwaloni
Wakuu, habari za jioni. Ni muuguzi wa zahanati kwenye kisiwa kidogo upande wa Ukerewe. Sehemu kubwa ni kambi ya dagaa, watu wanaingia na kutoka kwa mitumbwi. Ukiuliza leo wako wangapi, hata mwenyekiti anakuna kichwa.

Jumatatu kijana wa kama miaka 20 aliletwa amebebwa kwenye turubai la kuanikia dagaa. Macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, choo ni maji kama yaliyooshea mchele. Nikamtundikia dripu mbili za Ringer, kila mkono yake. Hadi usiku walikuwa wanne. Jumatano asubuhi, nachanganya klorini, mama mmoja akaniwekea mtoto mezani: homa, mafua, macho mekundu, vipele vimeanzia nyuma ya masikio vinashuka shingoni. Nikamulika mdomoni kwa tochi ya simu, nikaona vidoa vyeupe ndani ya mashavu. Nikavuta kiti nikakaa.

Vyumba ni vitatu, kimoja stoo. Niko na mhudumu wa afya wa jamii, basi. Taarifa nimetoa na sampuli zimeondoka na mtumbwi wa abiria. Niliahidiwa boti ya dawa juzi, badala yake ikaja simu kuomba takwimu zile zile kwa fomu nyingine. Kipi kitangulie? Nawasilisha.

MgangaMstaafu
Pole sana mwanangu. Kipindupindu kwanza, kwa sababu kinaweza kumaliza mtu mzima kati ya asubuhi na jioni. Wanaoweza kunywa wape ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), dripu ziwabakie waliolegea. ORS ikiisha: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Watoto wape na zinki.

Ila sikia kosa letu wakati niko kazini. Tuliwalaza watoto wa surua varanda moja na wa kuharisha. Tukawatibu wa kuharisha, wakapona, wakaenda kwao. Wiki mbili baadaye wamerudi wale wale, safari hii na vipele. Surua inasafiri kwa hewa, na mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 hadi 18. Kwa hiyo mtoto mwenye vipele asikanyage benchi la kusubiria. Mpokee nje, chini ya mti.

Halafu surua yenyewe inaharisha. Usimpeleke kila mtoto anayeharisha kambi ya kipindupindu, mtazame ngozi na macho kwanza. Vitamini A leo na kesho: aliyetimiza mwaka yuniti (IU) 200,000, wa miezi 6 hadi 11 nusu yake.

Mzalendo_Ziwa
Fungeni mwalo, asiingie mtu wala kutoka. Mbona rahisi?

MuuguziWaMwaloni
Mkuu, ukifunga mwalo watashukia kwenye mawe usiku, na mgonjwa watamficha. Bora washukie ninapowaona.

Karabai_Mbili
Dada muuguzi, mimi si mtu wa afya, nina mitumbwi miwili ya dagaa. Wewe angalia mwezi. Giza likiwepo tuko ziwani usiku kucha, mchana tumelala, ukija na chanjo utagonga milango mpaka uchoke. Mwezi ukiwa mkali dagaa hawafuati taa, kambi inavunjika, kila mtu kwao: Musoma, Sengerema, wengine hadi Uganda. Hapo ugonjwa nao unapanda mtumbwi. Leo mwezi umeshafika nusu, huna siku nyingi.

Kina mama na watoto utawakuta kwenye vichanja vya dagaa asubuhi jua likichomoza, wasubiri huko huko. Na usisahau vijana wa mtumbwini: kule wanajisaidia ziwani na wanachota hapo hapo kunywa. Mimi nimeanza kuwapa dumu la lita 20 lililotiwa dawa. Wanalalamika harufu, lakini wanakunywa.

AfisaAfya_Kanda
Huyo wa mwezi amesema kitu ambacho kwenye mipango yetu hakimo. Naongezea machache. Chanjo ya surua ikifika isitoke kati ya nyuzi 2 na 8, na chupa ukishaichanganya itumike ndani ya muda wa saa sita tu, iliyobaki tupa hata ikiuma. Kwenye mlipuko kwa kawaida tunaanzia miezi 6, ila dozi hiyo haihesabiwi, mtoto atarudi miezi 9 na 18. Klorini: asilimia 0.05 mikono, 0.5 sakafu na vitanda. Andika kwenye ndoo kwa wino mkubwa, nimeshaona mtu ananawa kwa ile ya sakafu.

MuuguziWaMwaloni
Asanteni. Tumehamishia kipindupindu darasa la shule, wa surua wako chini ya mwembe na turubai lile lile, nimelisugua mwenyewe. Wasiwasi wangu ulikuwa vichanja: mhudumu amekwenda leo alfajiri na daftari, amerudi na majina 41 ya watoto ambao hawana kadi ya kliniki. Boti imepiga simu kwamba imetoka Nansio. Kijana wa Jumatatu ameketi ukutani ananidai ugali, nimempa uji kwanza.