Wito ulioachwa kwa jirani: je, mahakama ina mamlaka juu yangu?

Swali
Habari zenu, ndugu. Nimefunguliwa kesi ya madai katika mahakama ya shirikisho nchini Marekani, kwenye jimbo ambalo sijawahi kuishi wala kufanya biashara. Hati ya wito na hati ya madai alikabidhiwa jirani yangu, naye akaniletea siku ya pili yake. Kwa kuwa nimekwisha kuzisoma, je, bado ninaweza kudai kwamba sikufikishiwa wito ipasavyo? Na nikifika mahakamani kulisema hilo, sitakuwa nimejisalimisha mwenyewe?

Jibu la kwanza
Pole, ndugu. Kupata habari za kesi si sawa na kufikishiwa wito. Kanuni ya 4 ya mwenendo wa mashauri ya madai inataka mdaiwa akabidhiwe mkononi, au nakala ziachwe nyumbani kwake kwa mtu mwenye umri na busara ya kutosha anayeishi humo humo, au apewe wakala wake aliyeidhinishwa. Jirani haishi kwako. Hata hivyo, kanuni hiyo inaruhusu pia njia zinazokubaliwa na sheria za jimbo lenye mahakama au jimbo ulikofikishiwa wito, kwa hiyo zisome hizo kabla ya kujipa moyo. Tena mdai ana siku 90 tangu kufungua kesi, na ndani yake anaweza kukufikishia upya.

Jibu la pili
Kwa maoni yangu, hoja yako nzito ni ile uliyoitaja kwa kupita tu. Wito ukifikishwa kwa usahihi wote bado hautoshi, kwa sababu tangu shauri la International Shoe la mwaka 1945, Mahakama ya Juu ya Marekani inataka mdaiwa asiyekuwepo jimboni awe na uhusiano wa kiasi fulani na jimbo hilo, kiasi kwamba kumshtaki huko kusivunje haki. (Angalia tu usikabidhiwe wito ukiwa safarini humo: shauri la Burnham la mwaka 1990 lilikubali mamlaka ya namna hiyo.)

Kuhusu kujisalimisha, Kanuni ya 12 inakuruhusu kuleta mapingamizi yote mawili, la wito na la mamlaka, kwa pamoja bila kukubali mamlaka ya mahakama. Lakini yalete katika ombi lako la kwanza, au katika utetezi wako ikiwa hukuleta ombi. Ukiacha moja, umelipoteza.

Jibu la tatu
Naomba usinyamaze ukitegemea kosa lao. Hesabu siku 21 za kujibu madai kana kwamba wito ulikuwa halali, maana hukumu ya upande mmoja ni kazi ngumu kuitengua. Kisha uombe nakala ya uthibitisho wa aliyepeleka wito.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Uthibitisho nimeupata. Ameandika kwamba alimkabidhi “mkazi wa nyumba hiyo”, lakini namba ya mlango aliyoijaza ni ya jirani. Jirani amekubali kuapa hati ya kiapo.