Tupeane uzoefu: uliposoma Heart of Darkness ukiwa mtoto wa Kongo, ulikwama ukurasa gani?

Mwana wa Katuba

Wandugu, salamu kutoka Lubumbashi. Niko lisanse chuo kikuu, fasihi ya Kiingereza, na hii ni wiki ya tatu promosyo yetu, yaani darasa la mwaka wetu, inajadili kitabu kimoja tu: Heart of Darkness cha Joseph Conrad, hadithi ya baharia Marlow anayepanda mto kumfuata Kurtz, wakala wa kampuni ya pembe za ndovu. Najua humu wengi mmekipitia, wengine shuleni, wengine kwa hiari yenu. Naomba tupeane uzoefu. Muhtasari tunao tayari. Niambie tu ukurasa uliokushika koo.

Naanza mimi. Tuna fotokopi moja kwa watu sita, na kurasa za katikati zimefifia mpaka unazisoma kwa kuzielekeza dirishani. Profesa alitupa kazi iliyoonekana nyepesi: hesabuni ni mara ngapi watu wa mtoni wanasema neno ambalo mtu anaweza kulijibu. Tukapekua mwanzo hadi mwisho. Wanapiga kelele, wanaguna, wanalia gizani, wanapiga ngoma. Maneno yenyewe tumeyakuta mahali pawili. Kiongozi wa mabaharia weusi anaomba wakabidhiwe maadui wawale, na mtumishi kijana wa meneja anachomoza kichwa mlangoni kutangaza kwamba Kurtz amekufa. Basi! Na mto huo unapita katika nchi yenye lugha zaidi ya 200.

Jioni nilienda na zamu yangu ya fotokopi kwa kambo, ndivyo huku tunavyomwita babu au bibi. Amezaliwa kambi ya wafanyakazi wa migodi, na macho yake hayasomi tena. Umeme ulikuwa umekatika, nikawasha tochi ya simu nikawa namgeuzia kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Tulifika pale chini ya miti ambapo wajenzi wa reli wametambaa kwenda kufia kivulini. Marlow anamwona kijana mmoja amefunga uzi mweupe shingoni, uzi uliotoka ng'ambo. Anajiuliza moyoni: ameutoa wapi? Ni pambo? Ni hirizi? Anampa biskuti, anaondoka.

Kambo akanishika mkono. "Ngoja. Alimpa biskuti. Alimuuliza jina?"

Nikarudi nyuma kwenye ukurasa, nikautafuta kana kwamba jibu lilinipita. Hakumuuliza. Mimi pia nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara tatu bila kuliona hilo. Nilikwama hapo.

Fundi wa Kampemba

Mdogo wangu, asante kwa kufungua mada hii. Mimi si mtu wa fasihi, ni mtu wa karakana. Kitabu nilikiazima kwa binti wa dada yangu, nikakisoma kwa kamusi miezi miwili.

Mimi nilikwama kwenye ribiti, ile misumari ya kuunganisha mabati ya chuma. Boti imetoboka, Marlow anangoja ribiti ili azibe tundu, na hazifiki. Kule pwani ziko masanduku kwa masanduku, zimemwagika chini hadi unazipiga teke ukitembea uani. Mara kadhaa kwa wiki msafara unafika kutoka pwani, wapagazi wamebeba vitambaa vya kung'aa, shanga na leso, na hata ribiti moja hakuna. Baba yangu alifanya kazi ya reli, na hadithi zake nyingi zilikuwa hivyo hivyo: mashine kubwa inalala kwa kukosa kitu kinachoenea kiganjani. Aliyeandika ukurasa ule alikuwa amepaka grisi mikononi, mtu hawezi kuubuni mezani. Na kweli Conrad alikuwa baharia kabla ya kuwa mwandishi, na mwaka 1890 alipanda mto wetu kwa boti ya moshi.

Lakini kuna jambo jingine, na hili liliniuma. Mabaharia weusi wanalipwa kwa wiki vipande 3 vya waya wa shaba ya manjano, kila kimoja inchi 9 hivi. Eti wakanunulie chakula vijijini. Vijiji vyenyewe havipo, au watu wake ni maadui, au meneja hataki boti isimame. Basi mtu anakaa na waya wake mkononi na njaa tumboni.

Sisi huku Katanga tulikuwa na misalaba ya shaba. Wazee waliyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwenye tanuru za udongo, wakamimina kwenye kalibu, na msalaba ule ulikuwa pesa yenye thamani iliyojulikana sokoni, miaka mingi kabla ya mzungu wa kwanza kufika. Nimewahi kuushika mmoja. Una uzito, unakukaa kiganjani. Sasa mtu wa nchi ya shaba asome kwamba mwenzake analipwa kipande cha waya kisichoweza kununua hata muhogo! Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi kwa muda.

Dada wa Kamalondo

Mimi sikumaliza. Kurtz ameandika ripoti nzuri ya kurasa 17 juu ya kuwaelimisha watu weusi, halafu chini kabisa, kwa mwandiko wa kutetemeka, ameongeza kwamba washenzi wote waangamizwe. Nilifunga kitabu hapo. Sijarudi.

Mwalimu wa komini Kenya (Lubumbashi)

Wanangu, mimi nimefundisha kitabu hiki miaka mingi hapa mjini, na kila mwaka darasa linagawanyika sehemu mbili. Kuna wanaosimama na Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, ambaye mwaka 1975, akitoa mhadhara Marekani, alimwita Conrad mbaguzi wa rangi bila kuuma maneno. Na kuna wanaosema Conrad aliifichua Dola Huru ya Kongo, mali binafsi ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, wakati wazungu wengi bado wanaipigia makofi. Mimi niko na Achebe kuhusu watu, na niko na Conrad kuhusu kampuni. Mtu akiniambia nichague upande mmoja, sitachagua.

Ila kuna kitu ninachowapa wanafunzi wangu kila mara, na ninakiweka hapa kwa sababu ya swali la yule kambo. Juni 1890, Conrad aliposhuka Matadi, alikutana na kijana wa Ireland aitwaye Roger Casement, wakakaa pamoja siku kadhaa. Walikuwa wanaiona nchi ileile. Conrad alirudi Ulaya mgonjwa, na hadithi yake ikatoka jaridani mwaka 1899. Casement alirudi mtoni mwaka 1903 akiwa konseli wa Uingereza, akapita vijiji vilivyolazimishwa kuvuna mpira, akaketi na watu, akawauliza, wakalimani wakamgeuzia majibu, akaandika. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Humo mwanamke anaeleza jinsi walivyokimbilia msituni, kijana anaeleza jinsi mkono wake ulivyokatwa. Wanasema "mimi". Wanataja askari, kijiji, kikapu cha mpira kilichopungua uzito. Kelele za kimataifa zikaongezeka hadi mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji.

Kwa hiyo mtu akija kuniambia kwamba wakati ule haikuwezekana kumsikia Mkongo, namwonyesha Casement. Iliwezekana. Ilitaka mtu aketi na kuuliza.

Mzaliwa wa Kisangani

Mimi naishi Lubumbashi lakini kwetu ni Kisangani, Stanley Falls ya wakati ule, ndiko Conrad alikofika. Kwa hiyo kituo cha ndani cha Kurtz kimekaribia mlango wa nyumba yetu.

Nitasema jambo zito kidogo, mnivumilie. Pembe. Kitabu kizima ni pembe: zinanong'onwa, zinaotwa, zinafukiwa. Lakini nani alikuwa na pembe za maporomoko miaka ile? Mwaka 1887 Leopold alimfanya Tippu Tip kuwa wali (gavana) wa Stanley Falls, Mswahili wa Unguja, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa. Conrad anafika mwaka 1890, Tippu Tip ametoka kuondoka, mji umejaa watu wake na lugha yake. Kitabuni hawapo. Hata mmoja.

Babu zangu upande wa mama walikuwa wangwana wa mto, yaani watu wa misafara ya Waswahili. Hiki Kiswahili tunachoandikia hapa kilipanda na misafara ile, na ndani ya misafara ile kulikuwa na watu wamefungwa shingoni. Bibi yangu aliijua habari hiyo, na alikuwa anaisema kwa sauti ya chini, jikoni tu. Tippu Tip mwenyewe aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, anahesabu pembe kwa frasila bila kigugumizi. Niliposoma vitabu hivi viwili kwa mfululizo sikuweza kuwaweka wazee wangu upande mmoja tu wa hadithi. Mpaka leo inanisumbua, na sijapata wa kuzungumza naye vizuri.

Kijana wa Ruashi

Yaya, mkubwa wangu, zungumza nasi hapahapa. Kwetu pia wanasema kwa sauti ya chini.

Mimi nilikwama kwa mpagazi aliyekufa njiani, kwenye nyasi ndefu, kibuyu cha maji kitupu na fimbo yake ndefu pembeni. Mstari mmoja tu. Mjomba wangu alipakia mizigo maisha yake yote, na hata yeye alikuwa na fimbo.

Mwana wa Katuba

Wandugu, nawashukuru wote. Mwalimu, nimeichukua habari ya Casement, kesho tunaiwasilisha kwa profesa. Yaya wa Kisangani, kundi letu linakuomba uje siku moja darasani. Tutakupa muda wote.

Jana usiku nilirudi kwa kambo. Nikamsomea yule mshika usukani wa boti anayechomwa mkuki, Marlow anavua viatu vyake vilivyolowa damu anavitupa mtoni. Marlow anasema alihisi sana pengo la mtu huyo. Kambo akatikisa kichwa. "Huyu naye hana jina?" Hana.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kuhusu baba yake, aliyeletwa kutoka Lomami kwa treni kuja kuchimba shaba. Walimpa namba. Kambo anaijua namba ile mpaka leo, aliitamka tarakimu kwa tarakimu, kama anavyotamka Baba Yetu. Mgawo wa chakula, dawa, mshahara, vyote viliitwa kwa namba. Nikamuuliza jina la mzee lilikuwa lipi, la kijijini, kabla ya namba. Nimekua nyumba hii miaka 23 na sikuwahi kuuliza.

Akanitajia. Akanitajia na la baba wa mzee, na la mama yake. Akaniuliza kama kwenye hayo makaratasi kuna nafasi. Nikasema pembeni ipo. Nimeyaandika kwa penseli, majina matatu, kando ya ukurasa wa kijana mwenye uzi. Kesho fotokopi inapita kwa mwenzangu wa zamu, na nimemwomba asiyafute.