Mfumuko wa bei unakula hisa za kikundi, tufanyeje?

Mweka_hazina: Habari zenu akina dada. Kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana ni cha wanawake 22, tunanunua hisa kila wiki, mgao baada ya miezi 12. Sasa bei zinapanda kila mwezi. Mkopaji ananeemeka, mwekaji analia. Tupandishe thamani ya hisa katikati ya mzunguko?

Kufuli_tatu: Hapana dada, msiiguse. Mhuri mmoja kwenye kijitabu ni hisa moja. Mihuri ikiwa na thamani mbili, siku ya mgao hesabu zitagoma na ugomvi hautaisha. Fungeni mzunguko mapema, gawaneni zote, muanze upya na hisa ya thamani mpya. Mzunguko uwe wa miezi 3 au 4, mkopo wiki 4 tu. Riba ikiwa asilimia 10 kwa mwezi na bei zikapanda asilimia 20, anayekopa 100 anarudisha 110 inayonunua vitu ambavyo mwezi uliopita vilikuwa chini ya 92. Pengo hilo analibeba mwekaji.

Bibi_ghala: Na pesa isilale sandukuni. Nunueni kwa jumla visivyooza haraka: sabuni, chumvi, nafaka. Hasara kubwa iko kwenye nafaka, maana huonekana kavu kumbe mbichi ndani, ikikaa kwenye gunia inavunda na kuota ukungu. Pimeni kabla ya kulipa. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, nafaka hadi theluthi, kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na nafaka hiyo bado ni ya kuanika. Ikidondoka yote chini, hifadhini.

Haki_zetu: Nyumba ikibanwa, akiba ya mke ndiyo huguswa kwanza, na hilo linauma. Andikeni kwenye katiba ya kikundi: mgao anapokea mwanachama mwenyewe mbele ya mkutano, laini ya simu inayopokea pesa isajiliwe kwa jina lake. Benki ikidai saini ya mume ndipo akopeshwe, aombe kwa maandishi aonyeshwe sheria inayotaka hivyo. Mkataba wa CEDAW wa 1979, ule wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ibara ya 13, unampa haki sawa ya mkopo wa benki.

Mweka_hazina: Asanteni. Na mwenye deni tukifunga mapema?

Kufuli_tatu: Linakatwa kwenye hisa zake. Kawaida mkopo hufika mara 3 ya hisa. Kipindi hiki usizidi hisa zenyewe, ili pawepo cha kukata.