Tupeane uzoefu: wachezaji walioondoshwa na ukomo wa mishahara, si na kocha

Kipa wa Akiba (mwanzisha uzi)

Wakuu, mchezaji akipewa "thank you" tumezoea kutafuta mchawi: kocha hamtaki, wakala ana tamaa, shemeji kachoka na baridi. Uzi huu ni wa wale wengine, walioondoka wakati kocha anawataka na rais wa klabu anawataka, ila hesabu za ligi zimegoma. Ukileta kesi, leta na kanuni yake: ligi gani, kikomo kilikuwa kiasi gani, hesabu ilikwama wapi. "Viongozi walizingua" haitoshi hapa.

Mhasibu wa Jukwaani

Tuanze na Messi na Barcelona, Agosti 2021, maana mpaka leo kuna watu wanaamini alifukuzwa.

Hispania haina kikomo kimoja kwa klabu zote. Tangu 2013 LaLiga inampigia kila mtu hesabu yake. Wanachukua mapato ambayo klabu inatarajia kuingiza msimu huo, wanatoa gharama za uendeshaji zisizo za timu, wanatoa na marejesho ya madeni. Kinachobaki ndicho kapu. Humo ndani waenee mishahara, bonasi, michango ya hifadhi ya jamii, kamisheni za mawakala, fungu la mwaka la ada za ununuzi, na hata timu ya pili na akademi. Mapato yakishuka kapu linasinyaa msimu huohuo, lakini mikataba uliyosaini enzi za neema iko palepale.

Kapu la Barcelona 2019/20 lilikuwa euro milioni 671. Korona ikafunga milango ya Camp Nou, msimu uliofuata likashuka hadi 347, na orodha ya Septemba 2021 ilipotoka lilikuwa milioni 97.9. Real Madrid orodha hiyohiyo walikuwa na 739. Hasara ya Barcelona msimu wa 2020/21 ilikuwa milioni 481, na deni lililotajwa Agosti ile ni bilioni 1.35.

Sasa angalia tarehe. Mkataba wa Messi uliisha 30 Juni 2021. Mkataba ukiwa hai unaongeza muda. Ukishakufa unaomba leseni, yaani kibali cha ligi cha kumchezesha, upya kama vile umemtoa klabu nyingine. Na klabu iliyovuka kikomo wakati ule ilibanwa na kanuni ya moja kwa nne: ukitaka kutumia euro 1 kwa mtu mpya, kwanza uwe umepunguza 4. Messi alikuwa tayari kwa mkataba wa miaka 5 na kukatwa nusu ya mshahara. Haikufua dafu. Tarehe 5 Agosti klabu ikatangaza kwamba hayupo. Kesho yake rais wa klabu, Laporta, akaeleza kwamba akiwemo Messi, mishahara inafika asilimia 110 ya mapato, na asipokuwemo ni 95. Tarehe 8 akalia mbele ya waandishi, tarehe 10 akasaini PSG miaka 2.

Mlango mmoja ulikuwepo. LaLiga walikuwa wamekubaliana na mfuko wa uwekezaji wa CVC kuchukua fedha kwa mgawo wa mapato ya muda mrefu, na fungu la Barcelona lingepanua kapu. Laporta akakataa kuweka rehani haki za televisheni kwa nusu karne. Mwaka uliofuata akauza asilimia 25 ya haki zilezile kwa kampuni ya uwekezaji ya Sixth Street kwa miaka 25. Mnaweza kubishana wenyewe kama hilo lilikuwa bora.

Winga Teleza

Mkuu, angecheza bure mwaka mmoja tu, si ingekwisha?

Mhasibu wa Jukwaani

Soma tena hiyo 95. Hiyo ni bila senti ya Messi. Memphis Depay na Eric García walikuwa wameshasaini lakini hawana leseni, mpaka beki Piqué alipokubali kukatwa mshahara, taarifa ikatoka siku moja kabla ya mechi ya kwanza na Real Sociedad. Agüero, mgeni mwingine, akabaki kusubiri manahodha wengine nao wakatwe. Kwa hiyo nafasi haikuwepo hata ya waliokwisha kuingia mlangoni.

Halafu hiyo "bure" ikiruhusiwa, kila klabu itaandika sifuri kwenye mkataba na mdhamini atalipa kwa mlango wa nyuma. Ligi inapima thamani ya mchezaji, haitazami karatasi tu.

Bibi Mizania

Hapo kwenye fungu la mwaka la ada ndipo mashabiki wengi wanapopotea, niwawekee hesabu ya mfano.

Umenunua mchezaji kwa euro milioni 60, mkataba miaka 5. Kwenye vitabu humwandiki 60 mwaka huu, unamwandika 12 kila mwaka. Mshahara wake 8. Basi anakula 20 za kapu kwa mwaka. Baada ya miaka 2 umeshaandika 24, vitabuni amebaki na 36. Ukimuuza 30 huko mtaani wanasema "mmepata thelathini", lakini vitabu vinasoma hasara ya 6. Ndiyo maana klabu inang'ang'ania 36 hata kama hakuna anayempa namba. Ukimtoa kwa mkopo na unaendelea kulipa nusu ya mshahara, umeokoa 4 tu. Ile 12 bado iko kwako.

Sasa geuza. Ukiuza, faida inaingia yote mwaka huohuo. Ukinunua, gharama inasambaa. Hapo ndipo alipopitia kiungo Arthur, Juni 2020. Kijana hakutaka kuondoka Barcelona, ila alikuja 2018 kwa milioni 31 na sehemu ya hiyo ilikuwa imeshaandikwa. Juventus wakamchukua kwa 72, na Barcelona wakamchukua Pjanić kwa 60. Fedha halisi iliyobadilisha mikono ni ile tofauti ya 12. Lakini kila upande ukaandika faida nono kabla ya 30 Juni, siku ya kufunga vitabu, na ada ya mtu mpya ikasukumwa miaka ya mbele. Pjanić alikuwa na miaka 30. Bili ya mchezo ule ndiyo iliyokuwa mezani siku Messi anaomba leseni.

Klabu za Uingereza wakaunyoosha ujanja huo kwa mikataba ya miaka 8 na zaidi, Chelsea hasa, kama ule wa Mudryk. UEFA wakauziba 2023: andika mkataba wa miaka unayotaka, ada inagawanywa kwa miaka isiyozidi 5.

Winga Teleza

Kwa hiyo Pjanić alinunuliwa kama risiti. Inauma.

Kocha wa Kibanda Umiza

Mimi nalizungumzia la Olmo, maana linaonyesha tofauti ya *kusaini* na *kupata leseni*.

Dani Olmo alitoka Leipzig kwenda Barcelona Agosti 2024. Kapu halimtoshi, akakosa mechi mbili za kwanza. Kilichomwingiza ni jeraha la mwenzake: Christensen aliumia, na kanuni ya LaLiga inasema mchezaji akithibitika kuwa nje zaidi ya miezi 4, klabu inaweza kutumia sehemu ya gharama yake, hadi asilimia 80, kumwandikisha mwingine. Olmo akacheza 27 Agosti na Rayo, akafunga. Ila leseni ile ilikuwa ya kuazima, mwisho 31 Desemba.

Kufikia tarehe hiyo klabu ilipaswa kuleta mapato mapya. Wakauza haki za viti 475 vya kifahari vya Camp Nou mpya kwa milioni 100. Makaratasi yakafika kwa kuchelewa, LaLiga wakasema muda umekwisha, na kuna kanuni nyingine: mchezaji aliyefutwa leseni hapewi tena na klabu ileile msimu uleule. Olmo na mwenzake Pau Víctor wakaanza Januari hawana kazi ya kufanya. Tarehe 8 Januari 2025 baraza la michezo la serikali ya Hispania likawarudisha kwa muda, na Aprili likatoa uamuzi wa upande wao.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, kutegemea leseni yenye tarehe ya kufa bila kuwa na mauzo yaliyokamilika mapema. La pili, kuingiza kwenye hesabu fedha ambayo mkaguzi bado hajaikubali. Mkataba wa mauzo si pesa mpaka mkaguzi aseme ni pesa.

Kipa wa Akiba

Na kipa wao ter Stegen Agosti 2025 je?

Kocha wa Kibanda Umiza

Kanuni ileile ya jeraha. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo, mwenyewe akatangaza takriban miezi 3. Klabu inahitaji 4 ili impe leseni kipa mpya Joan García. Ripoti ya daktari haiwezi kupelekwa kwa ligi bila saini ya mgonjwa, akagoma, akavuliwa unahodha. Akasaini, akarudishiwa kitambaa. Mwezi mmoja wa tofauti, kitambaa kimevuliwa na kuvaliwa ndani ya siku mbili. Na msimu huohuo Iñigo Martínez aliachwa aende Al-Nassr bila ada, kwa sababu mshahara wake ulikuwa na thamani kubwa kwenye kapu kuliko ada ambayo wangedai.

Msafiri wa Columbus

Huko kote mnazungumzia kikomo cha kukokotolewa. Kikomo chenyewe hasa, namba moja kwa klabu zote, kipo MLS, ligi ya Marekani.

Msimu wa 2025 bajeti ya mishahara kwa kila klabu ilikuwa dola 5,950,000, kwa wachezaji wa nafasi 20 za kikosi cha juu. Mchezaji mmoja hahesabiwi zaidi ya 743,750. Sasa mnajiuliza Messi anaingiaje, na chama cha wachezaji kilionyesha malipo yake ya uhakika ni zaidi ya milioni 20. Anaingia kupitia nafasi ya mchezaji maalumu, kanuni iliyotungwa 2007 kwa ajili ya Beckham. Klabu inaruhusiwa watatu, unawalipa utakacho, lakini kwenye bajeti kila mmoja haandikwi zaidi ya ile namba ya juu. Wakenya mnaikumbuka: Wanyama alipotoka Tottenham kwenda Montreal Machi 2020 aliingia kwa mlango huo.

Anayeumia ni wa katikati. Nyota ana mlango wake, kijana wa akademi anakaa kwenye nafasi zisizohesabiwa. Fundi wa miaka 28 anayestahili dola milioni moja na nusu ndiye klabu inamtafutia fedha maalumu za ligi za kumpunguza hesabuni, zikiisha anauzwa ndani ya ligi. Timu ikibeba ubingwa wachezaji wake wa kati wanapanda bei, na msimu unaofuata hawatoshi.

Kesi yangu ni Inter Miami 2021. Walimwandika kiungo Matuidi kama mchezaji wa kawaida. Ligi ikachunguza, ikakuta malipo mengine hayakuripotiwa, na kwamba alipaswa kuwa mchezaji maalumu. Nafasi tatu zilikuwa zimejaa, kwa hiyo Matías Pellegrini, ambaye hakuwa amekosa lolote, akavunjiwa mkataba na kupelekwa Fort Lauderdale, timu yao ya pili, ili nafasi ipatikane. Klabu ikapigwa faini ya dola milioni 2, mmiliki Jorge Mas 250,000, na mgao wao wa fedha za ligi wa 2022 na 2023 ukakatwa jumla ya dola 2,271,250. Kijana wa miaka 21 anahama timu kwa sababu karatasi ya mtu mwingine ilijazwa vibaya.

Bibi Mizania

England ni fupi, maana hadi msimu wa 2025/26 hakikuwa kikomo cha mshahara bali cha hasara: pauni milioni 105 kwa miaka 3, na ukitoka daraja la chini ulipunguziwa. Nottingham Forest walikuwa na 61. Brennan Johnson, zao la akademi yao, vitabuni thamani sifuri, kwa hiyo bei yote ni faida. Walipewa takriban 30 na Brentford kabla ya 30 Juni 2023, wakakataa, wakamuuza Tottenham 1 Septemba kwa 47.5. Biashara nzuri, mwaka wa fedha mbaya. Walivuka kwa 34.5 na kukatwa pointi 4 Machi 2024.

Ndiyo maana kila mwisho wa Juni walikuwa wanauzwa vijana wa nyumbani. Newcastle walimwachia Elliot Anderson siku za mwisho za Juni 2024. Aliyeondoka ni yule ambaye vitabuni hagharimu kitu, yaani mwenyeji.

Winga Teleza

Na kwetu Ligi Kuu? Hakuna kapu, mbona klabu nazo zinakwama dirishani?

Mhasibu wa Jukwaani

Kwetu hakuna kikomo cha mishahara, kinachofunga dirisha ni deni. Mchezaji au kocha aliyeachwa bila kulipwa anapeleka shauri FIFA. Uamuzi ukitoka, klabu inapewa siku 45 kuanzia pale mlalamikaji anapowapa akaunti ya benki. Zikipita, wanafungiwa kusajili, hadi madirisha 3 mfululizo. Kifungo kinaondoka deni likilipwa, hakisubiri madirisha yaishe. Kosa la kawaida ni klabu kulipa mtaji wa deni na kusahau riba, halafu wanashangaa mfumo bado umefungwa usiku wa mwisho wa dirisha wakati wachezaji wapya wameshapiga picha na jezi.